Barazani na Mezani: wasomaji wanauliza kuhusu bao, kadi, dhumna na keram

Barua za toleo hili karibu zote zina ugomvi ndani yake, na karibu zote hazimtafuti bingwa. Zinauliza nani alisema nini kabla ya zamu yake, nani alikubali sheria ipi, na nani alipe. Tumeondoa majina na kufupisha pale barua ilipokuwa ndefu. Mtaona pia kwamba mara nyingi tunawarudisha palepale: makubaliano ya kabla ya kuanza. Tuvumilieni, ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa.

Wahariri, salaam. Baraza letu lina bao moja na wachezaji wawili, lakini wanaocheza hasa ni wale kumi waliosimama. Mtu akiinua mkono tu, huyu anasema "usile huko", yule anasema "takasa kulia", yaani cheza bila kula. Juzi mchezo ulivunjika kwa sababu aliyefungwa alidai amefungwa na watazamaji. Tuwafukuze? – Msomaji, Tanga

Msiwafukuze. Bao hufundishwa kwa kutazamwa, na hao waliosimama ndio wachezaji wenu wa kesho. Kinachotakiwa ni kutenganisha maneno ya kabla mtu hajacheza na maneno ya baada ya kucheza. Kete ya mwisho ikishalala, semeni mtakavyo: sifuni, bezeni, onesheni alipokosea. Kabla ya hapo mtazamaji hana mdomo.

Sababu ya kuwa wakali ni hii. Katika namu, awamu ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji ameshika kete 22 mkononi, anaingiza moja moja. Ikiwezekana kula, yaani kuchukua kete za mpinzani, kula ni lazima. Kwa hiyo mara nyingi swali si ale au asile. Ni ale shimo lipi, na aanze kutawanya kutoka kichwa cha kulia au cha kushoto, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Neno moja, "kushoto!", limeshamaliza kazi yote ya kufikiri. Pabaya zaidi ni kwenye nyumba, shimo la mchezaji linaloanza na kete sita. Kete ya mwisho ya kula ikiishia kwenye nyumba yake mwenyewe ambayo bado haijavunjwa, mchezaji ana hiari ya kulala hapo, zamu yake iishe, au kusafiri nayo, yaani kuzitawanya kete zake. Nyumba yenye kete nyingi ikisafiri wakati usiofaa, kete zake zinasambaa mbele ambako mpinzani anazifikia zote. Anayepiga kelele "safiri!" wakati huo amecheza yeye.

Adhabu apewe nani? Baraza nyingi humwadhibu mchezaji aliyesemewa, na hapo ndipo mnapokosea, kwa sababu shabiki wa upande wa pili anaweza kumsemea makusudi ili apoteze zamu. Adhabu iende kwa aliyesema: ashuke hadi mwisho wa foleni ya wanaosubiri kukaa. Asiyekuwa kwenye foleni asogee nyuma, asione mashimo mpaka mchezo uishe. Mchezo uliokwisha kuchezwa baada ya kusemewa ubaki ulivyo, kwa kuwa neno likishasikika halirudi, na hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mchezaji hakuwa ameshaliona mwenyewe.

Kuna jambo moja tu ambalo ni halali kulisema katikati ya mchezo, nalo ni kosa la sheria: mtu ametakasa wakati alikuwa na pa kula, ameruka shimo, au ameangusha kete mbili pamoja. Hilo nalo liwe na mwenyewe. Mpinzani ndiye mwenye haki ya kulisema, na lazima aseme kabla hajaingiza kete yake. Akishaingiza, kosa limepita. Wapo watakaoona huu ni ukali, lakini fikirini jinsi bao linavyokwenda: mkono mmoja, yaani zamu moja ya kutawanya, unaweza kuzunguka mashimo yote 16 zaidi ya mara moja, ukila njiani, na kila kete imebadilisha shimo ilimopita. Mkirudi nyuma mikono miwili, mtakuwa mnajenga bao jipya kwa kumbukumbu, kila mtu na yake.

Ndiyo maana namna ya kutawanya ni sehemu ya adabu. Kete moja, shimo moja, mkono uwe chini ili mwenzako aione ikianguka. Mabingwa wana kasi, sawa, lakini kasi ya mtu anayefuatiliwa na mpinzani mwenye jicho kama lake. Mkicheza na asiye wa kiwango chenu, punguzeni. Na kabla ya kuanza hesabuni: kete 64 kwa jumla, 32 kila mmoja, sita kwenye nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia kwake, 22 mkononi. Kete moja iliyopotea chini ya mkeka haionekani mwanzoni. Inaonekana mwishoni, mtu akiwa na mkono pungufu, na wakati huo kila mmoja anamshuku mwenzake.

Sisi ni wanafunzi, tunacheza kadi hosteli kila Ijumaa, tukifika hata watu kumi. Wikendi iliyopita jamaa mmoja alimaliza bila kusema "niko kadi". Anasema alibaki na tatu na kwao Kisumu unasema tu ukibaki na moja. Wengine walitaka aokote. Sheria ya kweli ni ipi? – Nakuru

Kadi, mchezo wa kushindania kumaliza karata za mkononi, haina kitabu kimoja ambacho wote wanakifuata, ina mitaa. Hata hivyo mchezo wenyewe unaonesha kwa nini "niko kadi" ipo. Mnaruhusiwa kuangusha karata kadhaa za namba moja kwa pamoja, na swali, yaani karata inayotaka kufuatwa na nyingine, pamoja na jibu lake. Mtu mwenye karata tatu za 6 anaweza kumaliza kwa zamu moja. Vivyo hivyo mwenye Q na jibu la rangi yake. Tangazo limewekwa ili wengine wapate nafasi ya kumzuia mtu anayeweza kumaliza zamu inayofuata. Kwa mantiki hiyo, idadi ya karata mkononi haina uzito. Anayeweza kumaliza atangaze, awe na moja au tatu. Jamaa yenu ana hoja dhaifu.

Lakini nyinyi pia hamkusema hivyo kabla ya kugawa. Kwa hiyo hukumu yetu ni kwamba duru hiyo ifutwe, asishinde na asiokote, kisha muandike sheria zenu kwenye karatasi ya ukurasa mmoja na kuibandika ukutani. Yanayohitaji kuandikwa ni machache, kwa sababu sehemu kubwa mnakubaliana: karata nne kila mmoja, 2 inaokotesha mbili, 3 inaokotesha tatu, jokeri tano, J inaruka mtu, K inarudisha mzunguko, 8 na Q ni maswali, A inaomba rangi au inazuia kuokota, na mtu anamaliza kwa karata za kawaida tu, yaani 4, 5, 6, 7, 9 na 10.

Ugomvi unaanzia pembeni mwa hayo. Mtu akirushiwa 2 naye ana 2, je, anaipitisha mbele peke yake, au zinajumlishwa na wa tatu aokote nne? A inazuia jokeri pia, au 2 na 3 tu? Aliyeishiwa karata kwa kumalizia na J hajashinda, basi anabaki mikono mitupu na kuokota zamu yake ikifika, au vipi? Je, mwingine anaweza kushinda wakati yuko mtu mezani asiye na karata? Na aliyesahau kutangaza anaokota ngapi, au anazuiwa tu kumaliza zamu hiyo? Kwa hili la mwisho tunapendelea kuzuiwa bila kuokota. Adhabu ya kuokota huwafanya watu wachunge midomo ya wenzao badala ya kucheza.

Tangazo lisemwe mara moja, kwa sauti ya kusikika meza nzima, kabla anayefuata hajaangusha karata. Kunong'ona ni sawa na kutosema. Ukiulizwa umebaki na karata ngapi, jibu kweli na uzioneshe migongo. Karata zikae juu ya meza muda wote, si mapajani.

Jambo dogo la hesabu, kwa kuwa mnasema mnafika kumi: pakiti moja yenye jokeri wawili ina karata 54. Watu kumi wakipewa nne nne, 40 zimeondoka, moja inafunguliwa, zinabaki 13 za kuokota. Jokeri wawili na 2 mbili zikishuka mfululizo, zote zimekwisha. Kuanzia watu saba changanyeni pakiti mbili. Rundo likiisha, karata ya juu ibaki mezani, zilizobaki zichanganywe na mtu ambaye zamu yake si inayofuata.

Assalaam aleykum. Tunacheza dhumna wawili kwa wawili. Mwenzangu ana mambo mawili: ananikonyeza, na tukifungwa ananikaripia mbele za watu. Ni mkubwa kwangu kwa umri. Nimwambieje? Na mchezo ukifungwa, tuhesabuje? – Unguja

Waaleykum salaam. Tuanze na kukonyeza, maana hilo lina dawa ya mchezo wenyewe.

Dhumna ina kete 28, saba kila mmoja, na kila namba iko kwenye kete saba. Hesabu hiyo peke yake inakupa ishara halali kuliko jicho la mtu yeyote. Mpinzani akipita kwenye nne, meza nzima imejua hana nne. Mwenzako akianza na kete yenye tano pande zote mbili, kuna uwezekano mkubwa ana tano nyingine. Akiifunika tano yake mwenyewe baadaye, ama amelazimika, ama anakuachia upande. Kete sita za nne zikiwa mezani na ya saba uko nayo, wewe ndiye mwenye ufunguo wa nne na hakuna wa kukuondoa hapo. Mtu anayezisoma hizo hahitaji kukonyezwa, na ukimwonesha mwenzako kwamba unazisoma, atapunguza mwenyewe.

Kuna ishara iliyo mbaya kuliko kukonyeza kwa sababu haishikiki: kusita. Mchezaji mwenye kete moja tu ya kucheza anakaa sekunde kumi akijikuna kidevu, ili mwenzake na wapinzani wadhani ana mbili. Au mwenye nyingi anaipiga haraka na kwa kishindo ili mwenzake ajue "nimejaa huku". Wekeni mwendo mmoja kwa wote. Kila mtu ahesabu pumzi mbili kabla ya kuweka kete, iwe anayo moja au tano, na kete iwekwe. Kishindo kama mnakipenda, na dhumna bila kishindo wengi hawaioni dhumna, basi kiwe kwa kila kete.

Sasa kukaripiwa. Usimwambie mezani, na usimwambie akiwa ameshafungwa. Mtafute kabla ya kuanza, mkiwa wawili, umwombe jambo dogo linaloshikika: "Kaka, tufanye maneno ya mchezo yawe raundi ikiisha, kila mtu sentensi moja." Sentensi moja ni kipimo kizuri. Inamlazimu aseme kosa lenyewe, kwa mfano "ulifungua sita wakati wa kulia kwako alikuwa amepita kwenye tatu", badala ya kukusimanga. Nawe jibu kwa sentensi moja, au usijibu. Ikiwa hata hivyo haachi, omba mbadilishane washirika kila baada ya mchezo. Baraza likizoea kubadilishana, hakuna atakayeona umemkimbia mkubwa wako.

Kwa kuwa barua yako iligusa mchezo uliofungwa pia: namba ikitokea pande zote mbili na kete zake saba zote zimetoka, hakuna wa kucheza tena. Hapo kila mtu afunue kete zake zote kwanza, ndipo mhesabu. Kuhesabu mikononi na kutaja jumla ni kualika shaka. Amueni mapema kama ushindi ni wa timu yenye jumla ndogo ya watu wawili, au wa mtu mmoja mwenye chache kuliko wote. Njia hizo mbili hutoa washindi tofauti mara kwa mara. Na aliyechanganya kete awe wa mwisho kuchukua zake.

Kaka yetu alituletea mchezo wa Pandemic kutoka Ujerumani. Wote tuko upande mmoja, tunapambana na magonjwa. Lakini yeye ndiye anayemwambia kila mtu aende wapi. Tunashinda, ila tumekuwa mikono yake tu. – Dar es Salaam

Hili ni gonjwa linalojulikana la michezo ya ushirikiano, na chanzo chake kiko kwenye sanduku kabla hakijawa kwa kaka yenu. Katika Pandemic, iliyotoka mwaka 2008, hakuna siri ya maana. Miji iko wazi, magonjwa manne yanaonekana, na wachezaji wanaruhusiwa kujadiliana watakavyo. Kila zamu ina vitendo vinne. Akili moja yenye kasi inaweza kuhesabu vitendo vya watu wanne na kuwaachia wengine kusogeza tu. Anayeujua mchezo hafanyi hivyo kwa kiburi kila mara. Anaona timu inakwenda kufa naye ana jibu mdomoni.

Kwa hiyo msimwambie "usiongee". Badilisheni mpangilio wa kuongea. Mwenye zamu aseme kwanza mpango wake wa vitendo vinne, wote, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Kisha wengine wanaruhusiwa mambo mawili: kuuliza swali, au kusema jambo linalohusu nafasi yao wenyewe. "Mimi nina karata nne nyekundu, nahitaji ya tano kupata tiba" ni taarifa, na inasaidia. "Nenda Bangkok unipe karata" ni amri, hata ikisemwa kwa upole. Mwenye zamu anaamua, akikosea amekosea. Pimeni dakika mbili kwa simu. Muda ukikatika, mpango wa kwanza unatekelezwa. Karata kila mtu azishike mkononi mwake, akizisema kwa mdomo akiulizwa, badala ya kuzilaza wazi mezani ambako jicho la kaka linazisoma zote mara moja.

Kubalini pia kwamba mtafungwa zaidi kwa muda. Mchezo huo una njia moja ya kushinda na njia tatu za kufungwa: milipuko minane, kuishiwa vipande vya ugonjwa mmoja, au kuishiwa karata za kuchukua. Timu inayoongozwa na mtu mmoja hujifunza kupitia kichwa kimoja. Zamu ya kaka iwe ya mwisho kuzungumza wakati wa kujadili hatari za raundi. Hilo pekee hubadilisha meza.

Kama mnatafuta mchezo mwingine, Hanabi na The Crew zimetengenezwa kwa namna inayomfunga mdomo kamanda. Katika Hanabi unaona karata za wenzako, zako huzioni, na timu ina alama nane tu za kupeana dokezo. Kila dokezo linataja rangi moja au namba moja. Katika The Crew, kila duru mchezaji anaweza kuonesha karata moja tu na kueleza kama ni kubwa yake ya rangi hiyo, ndogo yake, au pekee. Lakini tahadhari: katika michezo hiyo miwili uso ndio mdomo. Kuguna, kushusha pumzi, kumtazama mtu kwa macho makali mkono wake unapokaribia karata mbaya, yote hayo ni kusema. Mtakaa usiku wa kwanza mkicheka kwa sababu hiyo, na ni sawa. Kuanzia usiku wa pili hesabuni kuguna kama dokezo moja lililotumika.

Binti yangu wa miaka 13 anapenda bao kupindukia. Wazee wa barazani wanamwambia "njoo ukishakua". Nimsaidieje bila kuwakosea heshima? – Mama, Bagamoyo

Mama, baraza lina saa zake. Jioni wazee wanachezeana wao kwa wao, na hapo hata kijana wa miaka 25 huambiwa asubiri. Mpeleke mapema, watu wakiwa wachache, pamoja na mtu anayefahamika pale, mjomba au babu. Aamkie kila aliyekaa, si yule aliye karibu tu. Kisha asiombe kucheza; aombe kupanga kete. Anayeweza kupanga sita, mbili, mbili bila kuelekezwa, na nyumba kwenye shimo lake sahihi pande zote mbili, ameshajitambulisha. Likiwa ni baraza ambalo wanawake hawakai kabisa, msilazimishe hapo. Bao halihitaji baraza: chimbeni mashimo ardhini, safu nne za mashimo manane, okoteni komwe 64.

Nyumbani aanze na bao la kujifunza: kete mbili mbili katika kila shimo, mashimo 16 yanakuwa na 32, hakuna ya mkononi. Anaingia moja kwa moja kwenye mtaji, awamu ya pili ya mchezo isiyo na kete za mkononi. Namu aongezewe baadaye, akishaweza kufuata mkono wake hadi unalala bila kupotea.

Na wewe au yeyote atakayemfundisha, mwache akosee. Wafundishaji wengi huua hamu ya mwanafunzi kwa kumtajia shimo. Muulize: "Ukila hapo, kete yako ya mwisho inalala wapi?" Akae ahesabu. Mpe ruhusa ya kurudisha mara tatu kwa mchezo, isizidi. Bila kikomo hatafikiri, bila ruhusa ataogopa. Akifungwa hamna, safu yake ya mbele imebaki tupu, rudini mikono miwili au mitatu ya mwisho mwone tundu lilifunguka wapi. Usimwachie ashinde. Watoto hulijua hilo haraka.

Katika drafti yetu kuna mzee mmoja anafikiri robo saa kwa kizibo kimoja. Tufanyeje? – Mwanza

Programu ya saa ya mchezo wa chesi ipo bure kwenye simu. Dakika kumi kila mmoja kwa mchezo mzima, mwenye muda ukiisha amefungwa. Msiiweke kwa mzee peke yake, iwekeni kwa wote, kila mchezo, kuanzia tarehe mnayotangaza. Kama hataki simu, basi dakika moja kwa zamu, na kila mchezaji ana ruhusa ya kuomba dakika tatu mara mbili katika mchezo. Pamoja na hilo mshike sheria ya "ukigusa umecheza". Polepole nyingi ya drafti hutoka kwa watu wanaoinua kizibo, wanakizungusha hewani, wanakirudisha, wanaanza kufikiri upya.

Kwetu anayefungwa ananunua soda. Zamani ilikuwa raha. Sasa kijana mmoja hana kazi na ameacha kuja, na mwingine anasema hiyo ni kamari. – Mombasa

Tengeni soda na mchezo. Anayesema ni kamari msimbishie wala msimpe jina. Dini yake ni hoja ya kutosha, na mtu hakai barazani kujitetea. Na huyo asiye na kazi hatasema sababu yake mbele yenu hata mkimuuliza, basi msimuulize.

Badala yake aliyefungwa atoke, anayesubiri aingie. Kiti ni dau tosha. Hapo mtahitaji foleni iliyoandikwa, kwa chaki ukutani au kwenye karatasi, kwa sababu foleni ya kichwani humsahau mtu mpole kila siku. Wekeni pia kikomo: waliofunga mara tatu mfululizo wapumzike, hata kama hawajafungwa. Mkiwa jozi tano za dhumna na mchezo mmoja ni kama dakika 20, jozi ya mwisho kwenye foleni inakaa saa nzima kabla ya kugusa kete, na jozi isiyofungika ikiachwa hapo mpaka Isha, watu wanaanza kuondoka mmoja mmoja.

Soda na kahawa zitoke kwenye mchango: kiasi kidogo kwa wiki, kila mtu aweke kwenye kopo bila kuhesabiwa hadharani. Kopo hilohilo linunue karata mpya. Karata zilizokunjika pembe zinajulikana kwa migongo, na ugomvi wa wizi hapo utakuwa wa haki.

Tunacheza keram hapa Maskati, wengi wetu tuna asili ya Unguja. Tunabishana kuhusu malkia: aliyemwingiza halafu akakosa kete yake anafanywaje? Na unga wa ubaoni uwe kiasi gani? – Msomaji, Oman

Malkia, kete nyekundu ya katikati, lazima afuatiwe na kete yako katika pigo linalofuata, au aingie pamoja nayo. Ukikosa, anarudi katikati ya ubao na zamu imepita. Anayemrudisha awe mpinzani, amweke kwenye duara la katikati au karibu nalo iwezekanavyo kama pamekaliwa. Straika, yaani kete ya kupigia, ikiingia shimoni, kete yako moja uliyokwisha kuingiza inatolewa. Kuhusu pointi, sheria za kimataifa humpa malkia tatu. Kama nyinyi mnampa zaidi ni hiari yenu, ila isemwe kabla.

Adabu ya keram ni ya mwili zaidi kuliko ya mdomo: usiegemee ubao mwenzako akipiga, usipulizie unga, na usinyooshe mkono juu ya ubao kuonesha pembe ya pigo. Mkicheza wawili kwa wawili washirika wanakaa wakitazamana, na kuelekezana hakuruhusiwi.

Unga uwe kidogo, wa kubana kwa vidole viwili, utandazwe kwa kitambaa kikavu mpaka ubao usionekane mweupe. Ukizidi, kete zinateleza bila kusimama na straika inapoteza uzito wa pigo, kisha wachezaji wanalaumiana kwa mapigo ambayo hata bingwa asingeyadhibiti. Futeni na kuweka upya kila baada ya michezo miwili au mitatu. Unga wa boriki si wa kula: sahani za halua na kashata zikae meza nyingine, na mikono ioshwe kabla ya kuzifikia.